Plagi ya Pikipiki ya Shemeji

Dada yangu aliniagiza plagi. Ujumbe ulinifikia Mbinga mjini kwa mdomo wa utingo wa lori la kahawa, nao ulikuwa mfupi kama mwenye kuutuma: njoo na plagi mpya, pikipiki ya marehemu mume wangu iwake kabla ya Jumamosi. Jumamosi kuna nini, hakusema.

Nilinunua plagi sokoni. Miaka michache nyuma kitu kile ungekipata kwa kujuana na fundi wa gereji ya ushirika, na ungembembeleza wiki nzima. Sasa ushirika ulikuwa unakata roho, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapishana barabarani na magari yao, na plagi ilikuwa imelala ndani ya kabati la kioo katikati ya biskuti na betri za redio, ikimsubiri yeyote. Niliigeuzageuza mkononi njia nzima. Sikuwahi kushika plagi ambayo haijaonja moto.

Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Shule niliiacha darasa la tano, siku mwalimu mkuu aliponikuta ofisini nimeifungua saa ya ukutani nione kinachousukuma mshale. Sikusubiri adhabu. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimezungusha mashine ya kumenya kahawa Litembo, nimevua usipa, dagaa wetu wa ziwani, kule kwetu Lundo, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Shemeji alipofariki nilikuwa Mbamba Bay, nikitunza injini ya boti ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivusha sabuni na nguo kutoka ng'ambo ya ziwa. Baada ya msiba nikahamia mjini Mbinga, bila sababu niliyoweza kuitaja.

Dada aliolewa juu, kwa Wamatengo, kwenye mgongo wa mlima usio mbali na Litembo, ambako ukoo mzima wa mumewe ulilima. Nyumba yake ilitazamana na nyumba ya kaka mkubwa wa marehemu. Katikati palikuwa na bonde dogo lenye ngoro za mahindi na maharage, mashimo yaliyojipanga mteremko mzima kama sega la nyuki. Ukisimama uani kwa mmoja uliona moshi wa mwenzake na kujua kama wamepika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda. Plagi iko wapi?"

Nilimpa. Aliipima uzito kiganjani kama mtu anayenunua yai, akanirudishia. Kisha tukaenda pamoja kwenye banda la kuni, tukaitoa pikipiki. Ilikuwa imekaa pale miezi sita. Kuku walikuwa wameigeuza kiti chao cha kulalia, na mmoja alikataa kushuka hata tulipoanza kuisukuma.

"Mwache," dada alisema. "Huyo amesomea. Anakaribia kupata leseni."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta tangi taratibu, kama anavyofutwa uso mgonjwa.

"Jumamosi tunakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwa mganga, ng'ambo ya mto. Ukoo umekubaliana. Wao watatembea, na yule watamtanguliza mbele. Mimi nitafika kwa chombo cha mume wangu. Wewe utaendesha."

"Yule nani?"

Alinyanyua kidevu kuelekeza upande wa pili wa bonde.

Nilijua maana yake, na ninyi msio wa huko niwaeleze. Mtu aliyetajwa kwa uchawi alipelekwa kwa mganga akanyolewa kichwa chote, akanyweshwa dawa, akarudishwa kwao. Ilisemekana nguvu zake zimekwisha. Lakini alirudi na utosi unaong'aa kupitia njia ileile, mchana, na kila aliyekutana naye alijua ametoka wapi. Wapo walioendelea kuishi na majirani zao. Wapo waliohama. Na wapo waliojifungia ndani wakaacha kula.

Kosa la kaka mkubwa lilikuwa maneno. Yeye na mdogo wake waligombea miche ya kahawa iliyokuwa mpakani, wakati kahawa ilipoanza kuwindwa na kila mnunuzi na kila mche ukawa na thamani. Siku moja walifokeana mbele za watu, na kaka mkubwa akasema: "Hicho chombo unachojivunia kitakugomea mlimani, na utarudi hapa kwa miguu." Wiki mbili baadaye shemeji yangu alishuka ziwani kumsalimia mama yetu Lundo, na kumpelekea unga. Wakati wa kurudi, pikipiki ilizimika kwenye kona za juu, barabara inapopanda kutoka Mbamba Bay. Ilikuwa Machi, mvua inamwaga. Aliisukuma nusu siku. Alilala kwa watu asiowajua, nguo zikimkaukia mwilini. Pikipiki aliiacha kwao, na baadaye ililetwa juu ya lori. Yeye alifika nyumbani kwa miguu. Kifua kilimbana, akalazwa, wakahangaika naye majuma mawili, tukamzika.

"Kwa miguu," dada alisema, akikamua kitambaa. "Neno kwa neno. Nani mwingine alijua?"

Nilifungua kisanduku cha chini ya kiti, nikatoa spana ya plagi. Marehemu alikuwa mtu wa mpangilio: spana ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha gunia, pamoja na msasa uliokunjwa mara nne.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unachomoa kofia ya waya kwa kuizungusha kidogo, usiivute waya. Unapuliza vumbi pembeni ya plagi kwanza, maana mchanga ukidondoka ndani ya injini utasaga kila kitu. Kisha unaingiza spana mpaka ikae, unakaza mkono, unasubiri ule mlio mdogo wa chuma kuachia chuma. Ulipolia, nilimalizia kwa vidole.

Plagi ilitoka ikiwa imelowa.

Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa, unasoma juu yake yaliyomo ndani. Ikiwa rangi ya mchanga uliochomwa, injini ni nzima. Ikiwa nyeupe, injini inaungua. Ikiwa nyeusi na kavu, inakula petroli nyingi. Hii ilikuwa nyeusi na nzito, imefunikwa uji wa oili mpaka kwenye ncha, hata ile nafasi ndogo ambayo cheche inaruka ilikuwa imezibwa. Miezi sita haikuikausha. Niliirudishia kofia ya waya, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki. Hakuna cheche. Nikapiga tena. Hakuna.

"Imekufa?" dada akauliza.

"Imezama."

Nikafungua kifuniko cha tangi. Petroli nyingi ilikuwa imeruka na hewa, chini ikabaki nzito nzito. Nikachovya kijiti, nikakitoa juani. Kilichokuwa kikidondoka kilikuwa na rangi ya zambarau.

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Pikipiki za wakati ule hazikunywa petroli tupu. Ulichanganya oili humo humo ndani ya tangi, na mwenye pikipiki alikuwa na kipimo chake. Cha shemeji kilikuwa chupa ya soda, na oili iliyouzwa madukani huku milimani ilikuwa nyekundu. Boti nazo hivyo hivyo, injini zake hunywa mchanganyiko, ila sisi tuliokuwa tukitunza boti tulichanganya mapema kwenye madumu ili nahodha akimaliza tangi katikati ya maji asianze kupima. Oili yetu ilitoka ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa ya buluu.

Nyekundu na buluu.

Siku ile ya kurudi kwake alinikuta ufukweni. Petroli ilikuwa hakuna Mbamba Bay nzima, lori lilikuwa limekwama njiani. "Shemeji," aliniambia, "usiniache niwe mtembea kwa miguu ukweni." Nikacheka, nikamchotea kutoka dumu la boti, lita tano. Wakati huohuo boti ngeni ilikuwa imefika kutoka ng'ambo, na nyuma yake imefungwa injini ambayo sikuwahi kuiona, yenye kamba ya kuwashia iliyojikunja yenyewe kurudi ndani. Nilitaka kujua kamba inarudishwa na nini. Nikaweka dumu chini, nikaelekea kule. Kwa jicho la pembeni nilimwona shemeji anatoa chupa yake ya soda yenye oili, anaifungua kwa meno. Neno lilinifika mdomoni: hiyo imeshachanganywa. Lilinifika kabisa. Kisha mwenye boti akavuta ile kamba, injini ikanguruma, nami nikasahau kila kitu duniani. Nilipogeuka, shemeji alikuwa anapunga mkono, anaondoka.

Mara mbili ya oili. Kwenye njia tambarare ya Lundo injini ingekohoa tu, ikavumilia. Kwenye mlima ule isingeweza.

Msibani niliambiwa pikipiki iligoma. Sikufikiri. Au nilifikiri kidogo, nikaacha, nikahama mji.

"Mbona umekaa?" dada akauliza. "Plagi mpya haifai?"

"Inafaa."

Na hapa nitasema nilichofanya, ingawa kinaniumiza. Nilimwaga ile zambarau yote kwenye shimo nyuma ya banda, nikalifukia. Nikasuuza tangi kwa petroli niliyokuja nayo kwenye chupa, nikaweka nyingine, nikaipimia oili sawasawa. Nikafuta thredi za tundu la plagi kwa kitambaa kikavu. Nikaingiza plagi mpya kwa vidole, polepole, maana ukianza na spana inaweza kuingia upande na kuharibu kichwa cha injini, na mtu mwenye haraka huwa hajui kama ameharibu mpaka siku nyingine. Ilipogota nikaikaza robo mzunguko. Nikarudisha kofia ya waya. Nikapiga kiki mara tatu. Ya nne ikashika.

Moshi ulijaa uani, kuku wakakimbia. Dada alisimama ameweka mikono yote miwili mdomoni. Mlio ule alikuwa akiusikia kila jioni kwa miaka mitano ukipanda mlima, akiupimia muda wa kuweka maji ya ugali motoni. Upande wa pili wa bonde mtu alitoka nje akasimama, akatazama kwetu, akarudi ndani.

"Amesikia," dada alisema. "Ajue tunakuja."

Nikazima injini.

"Dada. Sio yeye."

"Sio yeye nini?"

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikaanza na boti ngeni, na kamba, akanikatiza: "Nieleze kuhusu mume wangu, usinieleze kuhusu kamba." Nikamweleza kuhusu dumu, chupa ya soda, rangi mbili. Nikamwonyesha plagi ya zamani, nikaipitisha kidole, nikamwonyesha kidole. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza, kuku walikuwa wameanza kurudi.

"Umejua lini?"

"Nilipoifungua."

"Na ukafunga nyingine kwanza."

"Ndiyo."

"Ukamwaga na yaliyokuwa ndani. Nilikuona unafukia. Nikasema mdogo wangu leo ana usafi."

Nilitazama kule nyuma ya banda.

"Wewe," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "wewe mtu wa kuuliza. Ulimuuliza padri kwa nini kengele inalia. Ulimuuliza mama kwa nini samaki hafungi macho. Swali moja tu hukumuuliza mume wangu. 'Shemeji, unatia nini humo?' Maneno manne."

"Manne," nikasema.

"Usihesabu!"

Ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti. Aliegemea pikipiki kwa mkono, akauondoa haraka kwa sababu injini ilikuwa bado ya moto, na hilo likamliza zaidi. Nilitaka kumshika bega, nikaona mikono yangu ilivyo myeusi.

Alipojifuta uso aliinama akaichukua plagi ya zamani pale kwenye jiwe, akaifunga kwenye pindo la khanga, oili na yote, akaanza kushuka bondeni. Hakuniambia nimfuate. Nilimfuata.

Njia ilipita katikati ya ngoro, kwenye kingo nyembamba, na alitembea bila kutazama chini. Miezi sita alikuwa hajakanyaga upande ule. Watoto wake aliwakataza hata kuokota matunda huko.

Kaka mkubwa alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, mkewe amesimama nyuma yake na wembe mkononi. Chini palikuwa na karai, na ndani ya karai nywele, nyeusi na nyeupe zimechanganyika. Kichwa kilikuwa kimebaki kitupu, na damu kidogo juu ya sikio.

Alikuwa amekwisha kunyolewa.

"Shikamoo, shemeji," nikasema, kwa kukosa jingine.

"Marahaba. Karibuni. Nilisikia pikipiki, nikajua mmejiandaa, na mimi nikajiandaa." Alipitisha kiganja utosini. "Nimesema mkono wa mke wangu unanitosha. Huyo mganga wa Jumamosi akitaka kunyoa, atakuta ngozi tupu."

Mkewe hakutabasamu. Alikunja wembe, akaingia ndani, na sikumwona tena mpaka tulipoondoka.

Dada alifungua pindo la khanga, akamnyooshea plagi. "Mwambie," akaniambia mimi bila kunitazama. "Mwambie kama ulivyoniambia, ila usianze na boti."

Nikamwambia. Mara ya pili maneno yalikuwa machache zaidi na mazito zaidi. Alichukua plagi, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyechimba ngoro miaka arobaini, na plagi ilipotelea humo.

"Kitu chenyewe ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Hiki kidogo."

"Ndiyo, shemeji. Ni kosa langu."

Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Lakini alikuwa anafikiria jambo lake mwenyewe.

"Maneno yale niliyasema," alisema. "Hawakunisingizia. Nilisema atarudi kwa miguu, na akarudi kwa miguu. Usiku nilikuwa najiuliza kama mdomo wangu ndio uliomuua mdogo wangu, bila mimi kujua. Mtu anaweza kuwa nacho kitu hicho asijue, si ndivyo wanavyosema? Jumamosi nilikuwa naenda kwa hiari yangu, mama." Hapo alimgeukia dada. "Hamkuwa na haja ya kunitanguliza. Nilikuwa naenda nikajue."

Dada alilitazama lile karai la nywele.

Ijumaa nilisimama mbele ya ukoo nikaeleza yote. Niliwasha pikipiki, nikaizima, nikawapitishia plagi mkono kwa mkono. Vijana walioelewa injini walitikisa vichwa. Bibi mmoja, shangazi wa marehemu, aliuliza swali moja tu: "Na nani aliyekuziba mdomo siku ile ufukweni, wewe kijana?" Wengine wakaguna kumuunga mkono. Safari ya Jumamosi haikuwepo, lakini swali lile lilibaki pale, na nimezunguka nalo nchi nyingi tangu hapo. Najua kamba ya injini inarudishwa na springi. Hilo la bibi sijalipatia jibu.

Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni ile uani kwa kaka mkubwa hakuna aliyekuwa anawaza Ijumaa. Alisimama kutoka kwenye kigoda, akaenda kwenye kichanja chake cha kahawa, maana jua lilikuwa linashuka na kahawa ilitakiwa ichambuliwe na kufunikwa kabla ya umande. Akaanza kutoa punje mbovu, moja moja, akizitupa miguuni. Kichwa chake kipya kilikuwa cheupe kuliko uso, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Dada alisimama pale alipoachwa. Kisha akakaza khanga kiunoni, akaenda upande wa pili wa kichanja, akainama, akaanza kuchambua naye. Hakuomba radhi. Baada ya muda yule mzee alisogea hatua moja kushoto, ili kivuli chake kisimzibie mwanga.

Walichambua hivyo mpaka mwisho wa kichanja. Mimi nilibaki nimesimama karibu na karai, hakuna aliyenikaribisha kukaa, na hakuna aliyeniambia niondoke.